Leseni ya Kupamba Sebule

Juzi, kwenye kaunta ya ofisi moja hapa Stockholm, mama mmoja wa mtaa wa Farsta anayepamba nyumba za watu alimwaga vyeti vyake vyote, kuanzia cha ubatizo.

"Mwanangu, nimefuata leseni ya kupamba nyumba."

Karani, binti wa Kikenya aliyezaliwa hapa, akatabasamu. "Haihitajiki, mama. Hapa Sweden yeyote anaruhusiwa."

Mama akashika kiuno. "Yeyote? Wateja wataniaminije? Basi niandikie hayohayo, ugonge na muhuri."

Binti akaandika barua kwa Kiswidi, akapekua droo tatu, akaupata muhuri, akagonga.

Jumapili nikaikuta barua hiyo sebuleni kwa mama, ndani ya fremu ya dhahabu. Wageni waliukodolea macho muhuri. "Huyu anatambulika serikalini!"

Mimi ninayejua Kiswidi niliisoma yote: "Kazi hii yeyote aweza kuifanya." Nikamkabidhi sebule yangu palepale. Muhuri ulikuwa umekolea wino.