Sukari Ilikotoka

Wajumbe waliokuja kuniposa wangerudi kuchukua jibu baada ya sala ya Ijumaa, na jibu lilikuwa mikononi mwa baba mkubwa. Baba yangu alikwisha fariki. Kaka yake huyu, mfanyabiashara wa asali na nta pale Tabora mjini, ndiye aliyetulea, na hakuwahi kuipenda shule ya Waingereza niliyosoma. Posa ikikubaliwa, masomo ndiyo basi.

Alhamisi jioni akaniita barazani. Mama alisimama nyuma ya pazia. Niliviona vidole vya miguu yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niambie jambo moja ulilofundishwa na huyo Mzungu wako ambalo humu ndani hatulijui. Moja tu."

Mwalimu wetu alikuwa na kamusi nene, na mazoea ya kulifuata neno nyuma mpaka kwao. Nikashika somo la wiki ile. "Sugar" ya Waingereza, nikasema, waliipata kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Waitaliano, nao Waitaliano kwa Waarabu. Ni sukari yetu hii hii. Baba mkubwa alimwonea fahari babu yake Mwarabu, aliyekuja na misafara kutoka pwani, nami nilijua pa kumkuna.

Akacheka, akaweka kikombe chini. "Kumbe neno letu! Sasa unafuata nini kwao? Mwacha asili ni mtumwa. Kaa nyumbani, mwanangu."

Mdomo umeniponza kichwa. Pazia likatikisika. Somo lilikuwa na kipande kingine, nami nilikiruka makusudi, maana kukisema mbele yake ilikuwa sawa na kumvua kofia hadharani. Lakini hasira zilinipanda, na mimi zikinipanda huwa sijui mkubwa wala mdogo.

"Haikuanzia kwa Waarabu, baba. Nao waliipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Kwa Wahindi wa kale ilikuwa na maana ya changarawe."

"Changarawe?"

"Ndiyo, baba."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Nilisubiri kofi. Nilimwogopea mama zaidi kuliko nilivyojiogopea mwenyewe, kwa kuwa lawama zote zingemwangukia yeye.

"Na hao Wahindi," akauliza polepole, "waliitoa kwa nani?"

"Sijui, baba. Mwalimu hajafika huko."

Akazishika ndevu zake.

"Jumatatu nenda shule, kamwulize," akasema. "Kisha uje unieleze."