Paa la Kanisa la Igelelo

Dainess alipoanza kwenda Guangzhou, watu wa kwao Igelelo walidhani amepata ufalme. Alichopata ni chumba cha dirisha moja nyuma ya maduka ya nguo ya Zhanqian, na safari za basi hadi Xintang kununua suruali za jinzi za kupeleka Njombe. Biashara ilimkubali. Kisha ukaja mwaka nchi ile ilipoandaa Olimpiki. Viza zikaanza kukataliwa, na ya kwake ikaisha huku mzigo wake ungali kiwandani. Akajiambia atangoja mambo yapoe. Hayakupoa, na kufikia mwaka uliofuata hata kwenda uwanja wa ndege kulikuwa kujipeleka mwenyewe kwa askari.

Polisi walisimama vituoni na milangoni mwa masoko wakidai pasipoti. Ukumbi wa kukodi ambamo Waafrika walisali Jumapili ukafungwa, na wale aliozoea kupeana nao mikono baada ya ibada wakatawanyika, kila mtu na tundu lake. Dainess akawa wa kutoka mara mojamoja, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Zilipita wiki bila yeye kusikia jina lake likitamkwa. Jumapili aliketi kitandani akaimba kwa kunong'ona, majirani wasije wakauliza.

Akiwa katika hali hiyo alipigiwa simu na baba yake mdogo, Adrian, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya usharika wao.

"Mwanangu, wewe ndiye mkono wetu huko," alisema Adrian. "Baada ya Pasaka tunabomoa lile kanisa la zamani, tujenge la kisasa. Ututafutie vioo vya buluu, vile visivyoonyesha ndani."



Kanisa lile lilikuwa la matofali ya kuchoma, na bibi yake alikuwa miongoni mwa wanawake walioyabeba vichwani kutoka tanuru la bondeni. Alikuwa mjamzito. Uchungu ukamkuta njiani. Akatua tofali lake, wenzake wakamzungushia nguo zao, akajifungua palepale. Mtoto yule ndiye mama yake Dainess. Mji mzima ulimwita Tofali, na siku ya maziko yake mchungaji alipotaja jina la ubatizo, watu waliulizana huyo ni nani.

"Vioo sitatafuta, baba mdogo," alisema Dainess. "Mama alizaliwa njiani kwa ajili ya kuta zile."

"Kuta hazina neno. Paa ndilo limeoza. Juzi kigae kimeanguka kikampiga mke wa mwinjilisti akienda kutoa sadaka. Wewe uko mbali, mwanangu. Hunyeshewi."

Neno hilo lilimchoma, maana lilikuwa kweli.

Mtu pekee aliyebisha mlango wake siku zile ni Bonaventure, mfanyabiashara kutoka Uvira, Kongo, ambaye viza yake ilikuwa bado hai. Alikuwa akimletea mchele na nyanya. Dainess akamsimulia yote.

"Sikia, maman," alisema Bonaventure. "Kule kwetu kanisa ya zamani walibomoa, kisha ile mupya ikawashinda. Sasa watu wanasali mu hangar ya turubai. Kama ni paa ndiyo mugonjwa, tibu paa. Ya nini kuua mutu muzima?"

Basi Dainess akatoka mchana kweupe. Wakaenda pamoja hadi maghala ya mabati pembezoni mwa jiji. Wauzaji wawili waliwakatisha tamaa kwa "mei you", yaani hakuna. Kwa wa tatu wakapata mabati mekundu kama tofali, Dainess akayalipia, yakapakiwa kwenye kontena la kwenda nyumbani pamoja na jinzi zake za mwisho.

Waliporudi, walishuka kwenye basi wakawakuta polisi. Bonaventure angeweza kupita zake. Hakupita. Alimbebea mkoba hadi mlangoni pa kituo chao, askari wakamzuia hapo.

"Usilie, maman," alimwambia. "Mabati imeshaenda."

Dainess alikaa mahabusu miezi kadhaa kati ya watu wasioelewa neno lake hata moja, kisha akapandishwa ndege na nguo alizovaa.

Mabati yalikuwa yameshapigwa alipofika nyumbani. Siku yaliposhushwa, kina mama wa usharika walikaa mlangoni pa kanisa mpaka wazee wakakubali lisibomolewe. Lakini Adrian naye hakuachia lake. La kisasa lilijengwa ng'ambo ya barabara, na umati ukahamia huko kwenye spika na kinanda. Alimsalimu Dainess vizuri, ila hakukaa. Wengine walikuja kutazama mabegi. Walipoona hana kitu, wakapungua. Habari ya mahabusu Dainess hakumwambia mtu.

Kanisa la zamani likabaki na sala ya Jumatano asubuhi, ya vikongwe wachache na Dainess. Asubuhi moja mvua iliwakuta katikati ya somo. Mabati yakanguruma, msomaji asisikike.

"Nani alituletea paa la makelele hivi?" kikongwe mmoja alimuuliza Dainess, mdomo karibu na sikio lake.

"Mimi, bibi."

"Mh. Halivuji lakini."

Kikongwe akasogea kwenye benchi kumpa nafasi zaidi, wakangoja mvua ipungue.