Mafuta ya Nazi Hayatiwi Bunduki

Haya sogeeni, sogeeni! Wewe uliye mlangoni vua viatu uingie, kahawa haitakufuata huko. Na nyie wanangu wawili mnaokwenda uwanja wa shabaha kesho, kaeni hapa mbele yangu, maana leo maneno ni yenu. Nimeona hicho kijisanduku chenu kipya, nimeona na macho yenu yanavyowaka. Mie macho yangu yaliwaka hivyo hivyo, na kidogo tu yazime ya mtu mwengine.

Nnaikumbuka siku hiyo kama jana. Ilikuwa ujanani mwangu. Msicheke! Nilikuwa kijana wa miaka hamsini na tisa, meno yote kumi na moja yamo mdomoni. Soko la matunda la hapa Maskati lilikuwa bado lipo Mawaleh, na mie nikiuza nazi pale, nazi kubwa kila moja kama kichwa cha ngamia. Nyumba yetu hii hii ya Hail.

Basi nilikuwa na bunduki yangu, ina karatasi zake zote, ile inayojipakia yenyewe: ukipiga moja, ya pili imeshaingia. Lakini risasi zake ghali, na kelele yake inamwamsha maiti wa kule mjini Nizwa. Nikasikia kuna kifaa cha kugeuzia, kama hicho cha kwenye kijisanduku chenu. Unatoa komeo lake kubwa, kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele kusukuma risasi, unatia komeo dogo na magazini yake ndogo ya kuwekea risasi, bunduki inakula risasi za saktoni, zile rahisi, nyembamba kama kalamu ya wanja. Nikakinunua siku ile ile.

Kulikuwa na mzee mmoja, Fundi Khalfan, Mungu amrehemu, mtu aliyetengeneza bunduki tangu ndevu zake nyeusi. Nikampigia simu. Akanambia, "Niletee. Nipe Ijumaa tatu."

Ijumaa tatu! Mwanangu, mie kusubiri chai ichemke naumwa. Na mdomo wangu ulikuwa umeshatangulia: nilishamwambia shemeji yangu Nasor, kaka wa mke wangu Bi Zuwena, kwamba Ijumaa ya wiki ile ile ntapiga risasi mia bila bunduki kukohoa. Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu zima kabisa, ulimi ndio ulikuwa unachechemea.

Nikakitia kifaa mwenyewe, kijitabu chake sikukifungua. Na ningekifungua ningesoma nini, mie niliyekimbia chuo siku ya alifu? Nikakumbuka chuma kinataka mafuta. Mafuta gani? Sisi watu wa nazi, yakhe, tuna dawa moja tu duniani. Mtoto ana upele, nazi. Mlango unalia, nazi. Nikachukua chupa ya Bi Zuwena ya mafuta ya nywele, nikaimiminia bunduki mpaka ikanukia kama bibi harusi. Ikateleza, wallahi, ikateleza kama kambale! Nikaifunga kabatini chumbani, na AC yetu ile ukiiweka kumi na sita mbu anakuja kuomba blanketi.

Asubuhi yake tukaondoka. Ulikuwa msimu wa baridi, na garini AC pia, kwa sababu Nasor hajui kuendesha bila AC hata kunyeshe theluji. Tukafika uwanjani. Fundi Khalfan yupo, kaja kutazama tu. Nasor kachukua dalla yake ya kahawa, birika ya shaba ya marehemu baba yake, haiachi hata akienda msalani.

Nikalenga. Nikavuta triga. Tik. Kimya.

"Ndiyo ya kwanza hiyo?" Nasor akauliza. "Zimebaki tisini na tisa?"

Nikavuta komeo nyuma, nikaliachia. Likarudi pole pole kama mkwe anayeingia ukweni, likasimama nusu njia. Nikalisukuma, haliendi.

Fundi Khalfan akasema, "Suudi, itoe magazini. Usiondoke hapo mpaka uitazame ndani uone ni tupu."

"Imekufa hii, fundi," nikamwambia. "Maiti hatazamwi mfukoni." Nikailaza juu ya meza, juani, na magazini yake ndani. Tukakaa kunywa kahawa. Kikombe cha kwanza, cha pili. Jua la Maskati hata la baridi si mchezo, na chuma kile cheusi. Nnakiri, nilisikia kitu kimelia, *tk*, pale mezani. Nikadhani ni kikombe.

Kumbe mwanangu, mafuta yale yaliganda kwenye baridi kama samli, ndio yaliyolizuia komeo. Jua limeyayeyusha. Komeo likafika mwisho wake lenyewe, na risasi mbele yake.

Nasor akaanza kunicheka. Nikaibeba bunduki kumwonesha. "Tazama, gogo tupu!" Na kidole changu hiki, hiki hapa, kitazameni vizuri, kikavuta triga.

Paa!

Sikwambii. Damu yangu yote ilishuka ikaingia kwenye makubadhi. Nasor kasimama, mdomo wazi, dalla mkononi. Kanzu yake nyeupe, pale kwenye paja, inalowa. Kitu cha moto, cha hudhurungi, kinatiririka mpaka miguuni. Akanitazama, sauti imekuwa ya kitoto.

"Suudi... mie navuja?"

Nikataka kusema shahada nikaisahau. Mie! Nikamwona dada yake mbele yangu, ananiuliza, kaka yangu umemweka wapi? Nikakaa mchangani, bunduki bado mkononi.

Fundi Khalfan ndiye aliyekwenda. Aliitoa kwanza bunduki mkononi mwangu, akazimwaga risasi zote, akaiweka chini, mdomo umeelekea kule kwenye shabaha. Kisha akapiga goti, akagusa kile kilichomwagika, akanusa vidole.

"Damu haina iliki," akasema.

Dalla ilikuwa na tundu mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Vidole vinne tu kutoka tumboni mwa Nasor. Nasor akaitazama, akaanza kulia, na mpaka leo sijui alilia kwa roho yake au kwa birika ya baba yake.

Fundi akalifungua komeo juu ya kitambaa. Kwenye vipembe yamebaki mabonge meupe. Akanusa tena. "Nazi?"

"Nazi, fundi."

Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema, "Saktoni pumzi yake ndogo, Suudi. Komeo lake linasukumwa na pumzi hiyo tu. Ukilitia uzito halifiki, na lisilofika siku yake linafika siku yako. Bunduki iliyonyamaza haijafa. Inasikiliza."

Ijumaa tatu nilikaa kwake. Futa, kausha, tone moja la mafuta yake khasa. Risasi moja kwenye magazini, kisha mbili, kisha tano. Tukaijaribisha risasi za kila namna mpaka bunduki ikachagua chakula chake. Ndipo ikapiga mia bila kukohoa, na hakukuwa na hata mmoja wa kumringia.

Basi wanangu, kesho msikimbilie mia. Anzeni na moja. Anayejua muulizeni, kuuliza hakuvunji meno. Ikigoma, mdomo uelekee shabaha, toeni magazini, tazameni ndani kwa macho, si kwa maneno. Kidole kikae nje mpaka mmekusudia. Na kila chuma kipewe mafuta yake, nazi tuiachie wali. Mwenyezi Mungu awarejeshe kwa mama zenu na damu yenu yote ndani, na kahawa yenu yote birikani. Semeni amin!

"Amin!" Bi Zuwena akaitikia kutoka chumbani. "Sasa nambie, Suudi, chupa yangu ya mafuta ya nywele imefuata nini tena kwenye mkoba wako wa bunduki?"