Tiki Mbili za Mama Mkwe

Tulimzika mume wangu kwao Kenya, nikarudi nyumbani kwetu Bugolobi, ng'ambo ya mpaka, na simu yake mkobani. Simu kuukuu, kioo kimepasuka. Niliichomeka kando ya televisheni, ikawa inashika Wi-Fi ya nyumba kana kwamba mwenyewe yumo.

Kila Jumapili akitoka kanisani, mama yake alizoea kumtumia salamu za sauti. Hata baada ya mazishi hakuacha. Nilikasirika, nilidhani anatonesha kidonda changu makusudi, nikawa namjibu kwa mkato akinipigia. Sikuzisikiliza hata moja.

Kisha intaneti ikaanza kusuasua, nikaita fundi. Akafunga ruta mpya, akazima mawimbi ya zamani na kuacha ya kisasa peke yake, yenye kasi na ulinzi mkali. Simu za watoto zikawa zinakimbia. Simu ya marehemu haikuuona hata huo mtandao. Sikujali, maana nani tena angeitumia?

Jumapili mama mkwe akapiga simu yangu.

“Binti yangu, salamu zangu zimekwama kwenye tiki moja. Umeizima simu yake?”

Nikamweleza habari za ruta na mawimbi, kwa ukali kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Najua hayupo. Nilimtupia udongo kwa mkono wangu. Lakini nikiona tiki mbili, najua zimefika nyumbani kwake. Hii moja ni kama kumzika tena.”

Nilikata simu nikalia mpaka kichwa kikauma.

Nilimwita tena fundi. Aliigeuzageuza ile simu, akacheka, akaniita bibi kwa lugha ya kwao.

“Nyabo, hii simu ni mzee sana. Tupa, nunua ingine.”

Nilipomwambia ni ya nani, aliinamia ruta. Akatenga mitandao miwili: mpya kwa vyombo vyetu vyote, na wa zamani wenye nywila yake. Akanionya kwamba ulinzi wa ule wa zamani ni hafifu, nisiunganishe humo kitu kingine. Nikamwambia hakuna kingine.

Simu iliposhika mtandao ikatetemeka juu ya kabati. Ilikuwa salamu ya Jumapili ile. Kwa mara ya kwanza nikabonyeza nisikilize.

“Mwanangu, mvua imenyesha, mahindi yameota. Mke wako siku hizi ananijibu kwa hasira. Sijamlaumu, ni uchungu. Naogopa tu kwamba analia peke yake. Ukiweza, kaa naye karibu.”

Niliketi sakafuni, nikampigia mama mkwe.