Kiondo Nilichopeleka Loresho

Wanawake wa kanisa letu hapa Waithaka wakiniona na kiondo mpaka leo huniuliza kama kinabweka, nami hucheka pamoja nao kwa sababu nisipocheka nitalia, kwa hivyo acheni niwaambie mwenyewe ilivyokuwa, maana mlichosikia kwa wengine kimetiwa chumvi (si kweli kwamba mbwa aliingia kwenye kitanda cha mtoto, hilo nitalikana mpaka kaburini).

Mbwa wetu Suki alizaa Jumatatu asubuhi nyuma ya tangi la maji, vijibwa sita. Suki ni wa Wanjiru, binti yangu wa pekee, aliyemlea tangu akiwa mdogo kama kiatu, kisha akaniachia alipokwenda Doha kufanya kazi ya hoteli. Huo ulikuwa mwaka wake wa tatu huko. Nilipomwonyesha vijibwa kwa simu akasema, "Hako kadogo ka mguu nyeupe usikapeane, Mama. Niwekee. Nitakuja kukachukua."

Mimi habari ya mbwa sikuisikia tena. Nilisikia kwamba atakuja. Sikumwuliza ni lini, maana nyumbani kwetu hatuna mazoea ya kuambiana mambo ya moyoni, tunaulizana kama mvua imenyesha na kama umekula, basi. Lakini furaha niliyokuwa nayo! Nilikwenda Dagoretti machinjioni nikanunua mifupa ya supu, nikampikia Suki uji, nikampikia hata njahi, yale maharagwe meusi ambayo kwetu mwanamke aliyejifungua lazima ale ili maziwa yatoke (jirani yangu alicheka mpaka akashika ua asianguke).

Shida ni kwamba yule wa mguu mweupe ndiye aliyekuwa mnyonge kuliko wote. Ndugu zake walimpanda kichwani na Suki mwenyewe akawa anamsukuma kando. Daktari wa mifugo akaniambia nimweke penye joto na nimpe maziwa kwa dropa, kile kimrija cha kudondoshea dawa, kila baada ya saa mbili, la sivyo nimsahau. Nimsahau vipi na mwenyewe amesema anakuja kumchukua?

Sasa Jumamosi hiyo tulikuwa na safari ya kwenda kuona mtoto huko Loresho, mtaa wa wenye nazo. Mama Mwangi, mwenyekiti wetu wa akina mama, alikuwa amepata mjukuu, na mtoto akizaliwa sisi huenda kwa kikundi, kila mmoja na kiondo chake, tukambeba mtoto, tukamwombea. Kukosa nisingeweza. Wanjiru alipozaliwa, aliyepiga hodi wa kwanza kwangu na uji wa moto alikuwa ni huyo huyo Mama Mwangi.

Nikaamua kwenda na mbwa. Hapo ndipo nilipojiroga. Nilijaza maji ya moto kwenye chupa ya soda, nikaifunga kwa taulo, nikaiweka chini ya kiondo, nikamlaza kijibwa juu yake, kisha nikafunika yote na shali nzuri ya manjano niliyomnunulia mtoto mjini. Dropa na kichupa cha maziwa nikavitia mfukoni. Nilijiambia nitaomba msalani, nimlishe huko huko, nirudi nikae, nani atajua?

Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua, kwamba mgeni wa namna hiyo haingii na kiondo chake mwenyewe. Tulipofika langoni wasichana wa nyumba wakatoka wakiimba na kutupokea mizigo. Mmoja, aliyeniita Cucu kama tunavyowaita nyanya zetu, akashika changu. Nami nikashika.

"Cucu, wacha nikubebee."

"Hapana, ni chepesi."

"Cucu, jameni, si nitaonekana sina adabu?"

Wenzangu wote walikuwa wamegeuka kunitazama. Nikaachilia, na kiondo kikaenda zake kikapangwa na vingine mezani, upande wa pili wa sebule, mbele ya macho ya watu arobaini.

Nikaketi. Mtoto akaanza kupitishwa, na aliponifikia, nikiwa nimefumba macho namwombea (alikuwa na harufu ile ile ya Wanjiru wa siku zile, nikakaa naye muda mrefu kupita desturi), tukasikia kilio chembamba. Wii. Wii.

"Ana njaa huyo," akasema aliyeketi kando yangu.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Eee, ni njaa."

Njeri, mama yake, akamchukua mbio akampa ziwa. Mtoto akakataa, akaendelea kulala fofofo, na kilio kikaendelea. Njeri akamtazama mdomo uliofungwa, akatutazama sisi, macho yakamtoka. "Mbona analia na hajafungua mdomo?" Nilitamani sakafu inimeze. Ningesema wakati huo yangeishia hapo.

Mama Mwangi, kututuliza, akasema basi tufungue viondo, na akaanza na changu, kwa heshima. "Mama Wanjiru ametuletea shali," akatangaza, akaishika, akakuta imelowa. Akaingiza mkono ndani. Jamani, mayowe yale! Kiondo kikaanguka, chupa ikabingirika, na kijibwa kikabaki kwenye zulia jeupe kikitetemeka na kutafuta joto la mtu.

"Mama Wanjiru! Hii ni nini umeleta kwa mtoto mchanga?"

Nilifungua kinywa niseme uongo wa pili, ukakataa kutoka. "Ni ka Wanjiru," nikasema. "Alisema atakuja kukachukua. Kakikufa atakuja kuchukua nini?" Nikalia mbele ya watu wote, mama mzima, dropa mkononi.

Kisha Njeri, na mtoto wake kifuani, akauliza polepole, "Kalikula saa ngapi?" Nikamwambia zimepita zaidi ya saa tatu. "Basi kalishe kwanza, Cucu. Hayo mengine tutaongea baadaye."

Bila shaka kuna aliyekuwa amerekodi. Kabla hatujafika Waithaka Wanjiru alikuwa ameiona video huko Doha, na jioni akapiga simu akicheka hata hawezi kuongea. Mwishowe akatulia.

"Mama, kwani unataka nirudi?"

"Swali gani hilo?"

"Hujawahi kusema. Miaka yote hii unaniambia tu mvua imenyesha. Nikadhani uko sawa."

"Rudi," nikamwambia. Lilinitoka kama mfupa uliokwama kooni. "Nimekukosa sana. Rudi nyumbani."

Akasema, sauti imekwisha, "Mama, nimeweka sahihi mkataba mpya wiki jana. Miaka miwili tena."

Kijibwa kilipona. Sasa ni dume kubwa linalobwekea hata upepo, na kila siku linalala mlangoni pa chumba cha Wanjiru, mtu ambaye halijawahi kumwona. Mimi nimeapa sitabeba tena kiumbe chochote kwenye kiondo, wala sitamtuma mbwa akaniitie mtoto wangu. Sasa nikipiga simu Doha, kabla ya salamu, kabla ya mvua, namwambia kwanza kwamba nimemkosa, ndipo namwambia mbwa wake amekula nini.