Kodi ya Kaburi la Ukutani

Kabla ya kuigusa kompyuta ya ofisi ya makaburi ya mji wa Xela, fundi hupuliza vidole kama anayepoza uji, kisha huiomba radhi. Karani, Doña (yaani Bibi) Obdulia, hakuwahi kumwelewa. Leo mashine imesema kodi ya kaburi la ukutani la mama yake Obdulia iliisha miaka tisini na sita iliyopita, na mifupa itolewe Jumatatu.

"Wewe bwana! Mama kafa juzi tu, nimemlipia mpaka elfu mbili na tatu!"

"Inasoma tarakimu mbili za mwisho, doña. Kwake sifuri tatu ni 1903, enzi za babu yako."

"Basi tuko mwaka gani?"

"Mimi najua tisini na tisa. Yeye sijui."

"Na hao wanaotoa mifupa wanamsikiliza nani?"

"Yeye."

Fundi alijikuna shingo, akachukua chaki, akatoka, Doña Obdulia nyuma yake. Kwenye kaburi la mama aliandika mwaka mzima, 2003, kwa tarakimu kubwa kama za mtoto wa shule. Akahamia la jirani.

"Huyu kalipiwa mpaka lini?"

"Nitajuaje? Si yumo ndani ya mashine yako!"

Akainua tena chaki. Kisha akaandika: ASIGUSWE.