Maji Safi ya Kufulia

Nilikunywa. Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba tumbo lile lililonilaza kitandani lilitokana na ngisi wa kukaanga, na muuza ngisi wa mtaani kwetu Tabata, baba wa watu asiye na kosa, nimemharibia jina. Ngisi hakuhusika. Yalikuwa maji ya kisima cha kijijini kwa mama yangu, niliyoyanywa kata mbili mchana kweupe, mbele ya kamati ya maji, muda mfupi baada ya kuwahutubia wanakamati kwamba hayafai kunywewa.

Mama anaishi mbele ya Bunju, ndani kabisa, kule ambako ukiuliza njia unaambiwa ufuate nguzo za umeme mpaka ziishe, halafu uendelee. Kisima chao ni shimo la enzi za babu. Halina mfuniko, mbuzi huchungulia humo, na mvua ikinyesha kila kilichokuwa njiani huingia. Mama alishaugua homa ya matumbo mara mbili. Ile ya pili ilimwacha mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Alipopata nafuu nilimwambia, kwa sauti ninayoitumia kwa wanafunzi wanaochelewesha kazi, kwamba kama maji hayatabadilika anahamia kwangu Tabata. Chumba kipo.

"Tabata," alisema, kama mtu anayetaja jina la gereza. "Nikakae kwenye nyumba ambayo jirani akipiga chafya, mie ndo naambiwa pole?"

Basi nikaamua maji yabadilike. Si nimesoma? Tukaandika andiko la mradi, mimi na rafiki yangu wa tangu chuo, na humo ndani neno "endelevu" lilionekana mara nyingi kuliko neno "maji". Wafadhili walipatikana. Kikachimbwa kisima kirefu, ikafungwa pampu ya sola, tangi jeusi likapandishwa juu ya mnara, likawekwa chujio na kifaa kidogo cha kudondosha dawa ya kuua vijidudu. Hakuna dizeli, hakuna bili ya umeme. Siku bomba lilipofunguliwa nililia. Kwenye picha nimevaa miwani ya jua, lakini nililia.

Niliporudi baada ya miezi kadhaa nilikuta foleni ya ndoo bombani, moyo ukanipasuka kwa furaha. Kisha nikazifuata zile ndoo majumbani. Maji yetu yaliyochujwa na kutiwa dawa yalikuwa yanafulia nguo, yanadekia sakafu, yanaogesha watoto. Nyumba moja yalikuwa yanamwogesha mbuzi. Ya kunywa waliendelea kuyachota kule shimoni.

"Mama, mnaogea maji safi, halafu mnakunywa machafu?"

"Nani kakwambia machafu? Hayo yenu yananuka zahanati. Mtu akiyanywa anasubiri aitwe jina aingie kwa daktari."

"Ila kwa kufulia, dada, Mungu akubariki," alidakia jirani yake. "Nguo zinatoka nyeupe pee!"

"Wewe si ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji?"

"Ndiye mimi. Ndo maana nahakikisha kila nyumba inapata ya kufulia."

Safari iliyofuata nilikwenda mbele ya kamati ya maji na fundi wa pampu, akiwa na picha ya vijidudu vya kile kisima cha zamani, vimekuzwa mpaka vikawa na sura. Mama akaiangalia kwa makini.

"Wadogo sana hawa, eti?"

"Hawaonekani kwa macho, bibi."

"Basi na wao hawanioni. Kila mtu ashike njia yake."

Kamati nzima ikacheka. Nikasimama juani, nikahutubia. Nilizungumzia kinyesi, mvua, homa ya matumbo, wajukuu. Nilipomaliza koo lilikuwa limekauka, mama akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji ya mtungini. Nikaipokea kama mtoto wake, nikanywa yote. Halafu, na hili sijawahi kulieleza vizuri hata kwa nafsi yangu, nikasema, "Nipe nyingine."

"Profesa wa bomba!" mwenyekiti alipiga ukelele. "Hoja imeungwa mkono!"

Nikarudi Tabata nikalala na tumbo langu. Mama akapiga simu. "Umekula nini?"

"Ngisi."

"Ngisi," alisema. "Haya."

Fikiria upumbavu huo. Ushahidi bora kuliko picha yoyote ya fundi ulikuwa ndani ya tumbo langu mwenyewe, nami niliutapika kimyakimya kwa kulinda heshima. Heshima yenyewe nilishaiacha kwenye kata ya pili.

Lakini kitandani mtu hupata muda wa kujiuliza ni nini hasa kilichomfanya aombe tena. Kwetu pwani maji ya kunywa hayatoki kisimani yakaenda moja kwa moja mdomoni. Mtungi huoshwa, ukageuzwa mdomo chini juu ya chetezo chenye ubani mpaka moshi uushike kwa ndani. Ndipo maji humiminwa, yakalala. Asubuhi yana ubaridi wa udongo na harufu ya nyumba yenye watu wanaojiheshimu. Ukimpa mgeni bilauri ya maji hayo, umempokea. Ukimpa yanayonuka dawa, ni kama umemwambia unamhisi ni mgonjwa. Nilikulia katika desturi hiyo, na bado kwenye semina zetu za mradi niliwafundisha wanawake wale kuweka maji ya kunywa kwenye ndoo ya plastiki yenye koki. Mtungi hatukuutaja popote katika kurasa zote zile endelevu.

Nilichokipenda hakikuwa kisima. Kilikuwa moshi na udongo.

Nilipopata nguvu nikaenda kumwomba mama afanye kila kitu kama siku zote, ila mtungi aujaze maji ya bomba. Yakilala usiku kucha harufu ya dawa itapungua, na ubani utamaliza iliyobaki.

"Nipoteze ubani wangu kwa maji ya zahanati?"

"Nitakuletea ubani mwingine, mama."

"Huo wa mjini? Nusu yake utomvu wa miti isiyojulikana."

Hakujaribu mbele yangu. Kila nilipopiga simu kuuliza wanakunywa maji gani, alijibu, "Ya Mungu," akahamia kwenye habari za kuku wake. Mvua za masika zikakaribia, nikaiwazia homa ya tatu. Nikapaka rangi chumba cha Tabata, nikanunua na mapazia ya maua, nikamwambia nimeshanunua. Akasema, "Hongera."

Nilikuwa juu ya stuli napima mapazia dirishani, mawingu yamefunga tangu juzi yake, simu ikaita. Mama, bila salamu.

"Bomba lenu limekufa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jua hakuna, pampu imelala kama mzazi aliyejifungua jana, tangi kavu. Na mie kesho nina wageni wa hitima, mtungi mtupu!"

Nikashuka kwenye stuli. Nikaketi. "Si mna kisima?"

Nyuma yake nikamsikia mwenyekiti akisema, "Muulize, fundi anakuja leo au haji?"

"Kisima kipi?" alisema mama. "Kile wanakochungulia mbuzi? We mtoto una akili kweli? Nani anakunywa maji yale?"

"Mlikuwa mnayanywa, mama."

"Nani? Mie? Labda watu wa kule bondeni. Hebu nitafutie fundi upesi. Na hayo mapazia yako yalete huku, mlango wangu wa mbele hauna kitu."